Pointi za Kadi: Jinsi Msee wa Eldoret Anaweza Kupanga Mwaka Mzima Bila Kukuliwa na Riba

Ukilipa shopping pale Rupa's Mall, keshia anakuuliza kama uko na kadi ya pointi. Ukitumia airtime, Bonga Points zinaingia. Ukienda benki kufungua akaunti ya mshahara, msee wa kaunta anakuanzishia stori ya kadi ya mkopo, ile wengi huita kredit kadi, eti kila ukiswaip unapata zawadi.

Zawadi ziko, si uongo. Lakini kuna watu wanaomaliza mwaka na elfu kadhaa za bure mfukoni, na kuna wengine wanaomaliza mwaka na deni, halafu wanajitetea na pointi 900. Tofauti yao ni hesabu ya mwaka mzima, ile watu wengi hawapigi. Leo tuipige pamoja, na tuipige ki-Eldoret, kwa sababu pesa ya huku ina msimu wake.

Kwanza, pointi hutoka wapi?

Hakuna benki inakupa kitu juu inakupenda. Ukilipa kwa kadi, duka linakatwa asilimia ndogo ya pesa hiyo. Benki yako inapata kipande chake, na katika hicho kipande inakurudishia kidogo kama pointi. Benki pia inapata ada ya kadi ya kila mwaka, na inapata riba kutoka kwa wale hawamalizi deni lao kwa wakati.

Hapo kwa riba ndio kuna chapaa kubwa. Kwa lugha rahisi, anayechelewa kulipa ndiye anamlipia zawadi yule anayelipa mapema. Kazi yako mwaka huu ni kuhakikisha hauko upande wa wanaolipia wengine.

Hesabu ya mwaka

Chukua mfano wa nesi ama mwalimu hapa Eldoret mwenye mshahara wa kila mwezi. Tuseme anapitisha Sh40,000 kwa kadi kila mwezi: shopping, petroli, dawa, bili. Kwa mwaka hiyo ni Sh480,000. Tuseme pia kadi yake inampa pointi moja kwa kila Sh100, na pointi moja ni shilingi moja. Mwisho wa mwaka ako na Sh4,800.

Sasa toa ada ya kadi. Kama ni Sh3,500 kwa mwaka, amebaki na Sh1,300. Kama ni Sh5,000, amepoteza Sh200, na hiyo ni kabla hajakosea chochote.

Halafu tuseme mwezi mmoja tu alisota, akashindwa kulipa ile Sh40,000, na kadi inatoza asilimia 3 kwa mwezi. Riba ya huo mwezi ni Sh1,200. Ongeza faini ya kuchelewa. Faida ya mwaka mzima imeenda na mwezi mmoja.

Kuna njia rahisi ya kujua kama kadi inakufaa. Chukua ada ya mwaka, zidisha mara 100 kama pointi zako ni asilimia 1 ya matumizi. Ada ya Sh3,500 inamaanisha lazima utumie Sh350,000 kwa mwaka, karibu Sh29,200 kwa mwezi, ndio tu urudishe ada. Kama matumizi yako ya kawaida hayafiki hapo, achana nayo. Na usijilazimishe kutumia zaidi ndio ufike. Kununua kitu cha Sh1,000 hukihitaji ili upate pointi za Sh10, hiyo ni kujichoma.

Mkulima na kadi: hapa watu huumia

Hapa ndipo Eldoret inatofautiana na Nairobi. Kadi ya mkopo imetengenezewa mtu anayelipwa kila mwezi. Lakini Uasin Gishu pesa nyingi inatembea na mahindi. Unapanda Machi na Aprili, unavuna kuanzia Oktoba, na malipo yanaweza kungoja hadi Desemba ama mwaka mwingine. Bili ya kadi haijui msimu. Inakuja kila mwezi.

Tuseme Machi umeweka mbegu, mbolea na trekta ya kulima kwa kadi, jumla Sh100,000, ukisema utalipa ukivuna. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, baada ya miezi tisa deni limefika karibu Sh130,500. Pointi ulizopata ni za Sh1,000. Yaani umelipa elfu thelathini ukipata elfu moja, na bado hujajua gunia litauzwa bei gani.

Benki itakwambia hakuna shida, lipa tu kiwango cha chini kila mwezi. Hicho kiwango cha chini kinakuepusha na faini, hakikuepushi na riba. Salio linalobaki linaendelea kuzaa.

Kwa pesa ya shamba, tafuta mkopo unaojua msimu. AFC, shirika la serikali la kukopesha wakulima, lina mikopo ya msimu. SACCO yako pia, hata ikitoza asilimia 1 kwa mwezi, ni theluthi moja ya ile riba ya mfano wetu. Na mbolea ya ruzuku, ambayo serikali ilishusha hadi Sh2,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2023, inakuokolea pesa mingi kuliko kadi yoyote ya pointi. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza ya kukimbilia.

Kadi iache kwa matumizi ambayo pesa yake tayari iko kwa akaunti.

Kalenda ya mwaka

Januari. Shule zinafungua na kila mtu analia. Shule nyingi zinataka karo kupitia benki ama paybill, kwa hivyo usifikirie kutoa keshi kwa kadi ya mkopo ndio ulipe. Keshi ya kadi ina ada yake, riba huanza siku hiyo hiyo, na kwa kawaida haina pointi. Sare, viatu, vitabu na sanduku unaweza kulipa kwa kadi kama duka linakubali.

Hapa kuna ujanja halali wa tarehe. Tuseme bili yako inafungwa tarehe 20 na unatakiwa kulipa kufikia tarehe 10. Ukinunua Januari 19, unalipa Februari 10, siku 22 tu. Ukinunua Januari 21, inaingia bili ya Februari 20, unalipa Machi 10. Hizo ni siku 48 bila riba, kwa kusubiri siku mbili tu. Jua tarehe yako ya kufunga bili kama unavyojua birthday ya mtoto.

Februari na Machi. SACCO nyingi zinafanya mikutano yao ya mwaka na kutoa gawio miezi hii. Kama Desemba ilikuacha na deni la kadi, gawio lote liende huko kwanza. Hakuna pointi inaweza kushindana na kufuta riba.

Aprili hadi Julai. Miezi ya kawaida. Pitisha matumizi ya nyumba kwa kadi moja, na weka malipo ya moja kwa moja ya bili yote, si kiwango cha chini.

Agosti. Muhula wa tatu unakaribia. Pia ni wakati mzuri wa kuomba ripoti yako ya CRB. Kenya ina kampuni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Hakikisha hakuna deni la kadi ambalo ulidhani umelimaliza.

Novemba. Angalia pointi zote ulizokusanya na uzitumie kabla ya Desemba. Tumia kwa unga, mafuta na sukari, vitu ungenunua hata hivyo. Kubadilisha pointi na blenda ya pili si akiba.

Desemba. Kaa chini na ufanye hesabu moja: pointi ulizotumia, toa ada, toa riba, toa faini. Jibu likiwa chini ya sifuri, rudisha hiyo kadi kabla ada ya mwaka ujao haijakatwa. Pata barua ya kuonyesha umefunga akaunti na huna deni.

Huna kadi ya mkopo? Uko na Bonga

Wakenya wengi hawana kadi ya mkopo na hawana haja nayo. Lakini karibu kila mtu ako na Bonga Points. Safaricom ilianzisha mpango huo 2007, na unapata pointi moja kwa kila Sh10 unayotumia kwa simu, meseji na data. Ukitumia Sh1,500 kwa mwezi, kwa mwaka ni pointi 1,800.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Safaricom iliruhusu watu walipie bidhaa dukani kwa Bonga, pointi moja ikihesabiwa senti 30. Kwa bei hiyo, pointi 1,800 ni Sh540. Si doh ya kununua ng'ombe, lakini ni pakiti kadhaa za unga na hukulipia ada yoyote. Piga *126# uone ziko ngapi na leo zinakubadilishia nini.

Usizilimbikize miaka na miaka. Oktoba 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi za zaidi ya miaka mitatu zitafutwa kuanzia Januari 2023. Watu walipiga kelele na mpango ukasitishwa, lakini ujumbe ulifika: mwenye mpango anaweza kubadilisha sheria.

Na ukipigiwa na mtu anasema umeshinda Bonga umpe PIN, kata simu. Safaricom hupigia wateja kutoka 0722 000 000, na hawaulizi PIN.

Wanariadha, hii ni yenu

Eldoret na Iten zinatoa wakimbiaji wanaopanda ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia kila msimu. Wengi tiketi inalipwa na meneja ama waandalizi wa mbio, kwa hivyo wanadhani hakuna chao hapo. Kuna. Maili za ndege kwa kawaida huenda kwa aliyeketi kwenye kiti, si kwa aliyelipa.

Jisajili bure, halafu mpe meneja namba yako ya uanachama kabla tiketi haijakatwa. Chagua kundi moja ukae nalo. Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010 pamoja na KLM na Air France, Ethiopian iko Star Alliance tangu 2011. Ukitawanya safari sita kwa mashirika sita, mwisho wa mwaka uko na vipande visivyonunua hata tiketi ya Nairobi. Weka pia vipande vya bodingi pasi, kwa sababu maili zikikosa kuingia unaweza kudai kwa muda fulani baada ya safari.

Somo la Nakumatt

Kama ulikuwa mtu mzima 2017, unakumbuka. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, na watu walijaza pointi kwa Smart Card wakingoja Krismasi. Rafu zikaanza kubaki tupu, na Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi. Wasambazaji wa bidhaa walikuwa wanadai mabilioni. Mwenye pointi za unga alikuwa nyuma kabisa ya hiyo laini.

Pointi si pesa yako hadi uzitumie. Ni ahadi ya kampuni, na kampuni huanguka. Ndio maana Novemba kila mwaka unazimaliza.

Kabla hujaweka sahihi

Uliza benki mambo haya matano, na majibu yawe kwa maandishi:

1. Ada ya mwaka ni ngapi, na mwaka wa kwanza ni bure?
2. Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, si kwa maneno matamu?
3. Pointi moja ni shilingi ngapi, na inaisha lini?
4. Bili inafungwa tarehe gani na inalipwa tarehe gani?
5. Matumizi gani hayahesabiwi pointi?

Msee wa kaunta akishindwa kujibu la pili ama la tatu, chukua brosha yake, sema asante, na utembee. Kadi ya kawaida ya ATM na SACCO yako bado zinatosha.