Senta Bolti ya Springi ya Nyuma: Mbona Hukatika, na Namna ya Kuitengeneza

Leo twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukijui hata jina, nacho hubeba roho za watu kila siku katika barabara za Tarime na Serengeti. Kitu hicho ni bolti ya katikati ya springi ya nyuma, ambayo mafundi huiita senta bolti.

Kwanza na tueleze kazi yake. Malori, pikapu, na magari mengi ya abiria kama Toyota Hiace, yana springi za nyuma zilizofanywa kwa mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kupangwa moja juu ya jingine. Senta bolti hupita katikati ya mabamba hayo na kuyafunga pamoja. Kichwa chake hutokeza nje, kikaingia katika tundu la kiti cha ekseli, ili ekseli ikae mahali pake. Kisha kila springi hufungwa na ekseli kwa yu-bolti mbili, yaani vyuma vilivyopindwa mfano wa herufi U, kila kimoja na nati zake mbili.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani ya kuwa senta bolti ndiyo iizuiayo ekseli isiende mbele wala nyuma. Sivyo. Senta bolti huonyesha mahali tu. Kazi ya kushika ni ya yu-bolti, ambazo huibana springi juu ya ekseli hata chuma kisiweze kuteleza juu ya chuma. Nati ikikazwa, bolti hurefuka kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho, nayo hutaka kurudi katika urefu wake. Mvuto huo ndio ushikao. Wakurya wapigao litungu waelewa jambo hili: uzi usiovutwa hautoi sauti, na bolti isiyovutwa haishiki. Nati zikilegea, springi na ekseli huanza kusuguana, na mzigo wote huiangukia senta bolti, ambayo haikufanywa kwa kazi hiyo. Siku si nyingi hukatika.

Tulijifunza haya kwa hofu. Mwezi wa Aprili mwaka 2018, wakati wa masika, tulikuwa safarini kutoka Tarime kwenda Mugumu, watu kumi garini. Juma lililotangulia fundi mmoja alikuwa ametutilia senta bolti mpya, akatuambia, "Mwalimu, mkisha kwenda kilometa mia moja, rudini tukaze tena." Hatukurudi. Tulikuwa na haraka, na gari lilikwenda vizuri. Barabara ile wakati ule ilikuwa ya udongo, yenye vituta vidogo vidogo kama ubao wa kufulia, vitikisavyo gari bila kupumzika. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea daraja la Mto Mara tulisikia mlio kama wa fimbo ivunjikayo, na mara gari likaanza kwenda upande kama kaa. Dereva alilisimamisha kwenye majani, hatua chache kutoka mtaroni. Hakuumia mtu. Lakini kosa halikuwa la fundi, wala la barabara, lilikuwa letu.

Basi, dalili ni hizi. Gari hugonga nyuma linapoanza kwenda au linapofunga breki. Ukitazama kati ya springi na ekseli, waona unga mwekundu wa kutu, au chuma king'aacho kwa kusuguliwa. Gurudumu moja la nyuma huwa limesogea mbele au nyuma kuliko mwenzake. Ukiona dalili hizo, usiongeze gunia hata moja la mahindi wala mkungu mmoja wa ndizi. Nenda kwa fundi.

Namna ya kutengeneza ni hii. Gari lisimame mahali palipo sawa, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi. Liinuliwe kwa jeki, kisha fremu yake ikalishwe juu ya stendi za chuma au magogo manene, wala si matofali, kwa maana hupasuka ghafula. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ya pili iishike ekseli. Ndipo gurudumu na yu-bolti hufunguliwa.

Kabla ya kuitoa bolti iliyokatika, mabamba yabanwe kwa jiliwa mbili, moja kila upande wa tundu. Yasipobanwa hufyatuka na kumwumiza mtu. Bolti mpya iwe ya chuma kigumu. Bolti nyingi huwa na alama kichwani: yenye 8.8 ina nguvu karibu mara mbili ya ile yenye 4.6, na yenye 10.9 yaipita hiyo. Bolti ya kawaida ya dukani, isiyo na alama, haifai. Wala bolti iliyokatika isiungwe kwa kuchomelewa, wala mabamba yasichomelewe, kwa sababu moto huharibu ugumu waliopewa kiwandani. Yu-bolti nazo yafaa ziwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutwa.

Fundi na ahakikishe ya kuwa kichwa cha senta bolti kimeingia barabara katika tundu lake. Kisha akaze nati nne kwa kupishana, kidogo kidogo, ili zibane sawasawa. Gari likisha kushushwa na uzito kukaa juu ya magurudumu, azikaze mara ya mwisho kwa spana yenye kipimo, kama kitabu cha gari kiagizavyo.

Ikiwa bolti imekatika mbali na fundi, ekseli yaweza kufungwa kwa mnyororo mpaka kwenye jicho la mbele la springi, isizidi kurudi nyuma. Abiria washuke, mzigo upunguzwe, na gari liende mwendo wa mtu atembeaye mpaka kijiji kilicho karibu. Lakini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti msishuke ovyo, kwa ajili ya wanyama. Waiteni askari wa hifadhi.

La mwisho ndilo kubwa. Baada ya kilometa mia moja hivi, nati zikazwe tena, kwa sababu rangi, kutu na mabamba hujilaza, na mvuto wa kwanza hupungua. Kazi hiyo ni ya robo saa. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tuliudharau mwiba huo, tukasalimika. Si kila mtu asalimikaye.