Usakinishaji wa Programu ya DHIS2: Mahitaji ya Watumiaji na ya Wasanidi katika Muktadha wa Wilaya za Kibaha na Kisarawe

Sehemu hii inafafanua namna programu ya DHIS2 inavyosakinishwa, kwa kurejelea mazingira ya vituo vya afya vya Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Programu hii huria, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, ilienezwa katika wilaya zote za Tanzania Bara kufikia mwaka 2013. Hupokea takwimu zinazotokana na vitabu vya MTUHA, ambavyo wahudumu wa zahanati huvijaza kwa mkono.

Kwa mtumiaji, usakinishaji ni mdogo mno. Mhudumu wa takwimu huhitaji kompyuta, kivinjari, jina la mtumiaji na nywila. Programu yenyewe imo katika seva. Intaneti ikikatika, takwimu za fomu ya mwezi huweza kuhifadhiwa kwa muda katika kivinjari, kisha zikapelekwa kwenye seva mawasiliano yanaporejea. Hapa ndipo penye hatari: anayefuta kumbukumbu za kivinjari kabla ya takwimu hizo kupelekwa huzipoteza. Kitabu cha karatasi, kwa hiyo, hakipaswi kuhesabiwa kuwa kimepitwa na wakati. Ndicho shahidi wa mwisho.

Kwa msanidi, kazi ni pana zaidi. Kwanza, husakinisha Java na kanzidata ya PostgreSQL yenye kiendelezi cha PostGIS. Pili, huunda kanzidata tupu na mtumiaji wake. Tatu, huandika faili la dhis.conf lenye anwani ya kanzidata, jina na nywila, na kulizuia lisisomwe na wengine. Nne, huweka faili la programu katika seva ya Tomcat na kuiwasha. Anayekusudia kubadili programu yenyewe huchukua msimbo chanzo na kuujenga kwa Maven.

Aidha, nywila ya msimamizi inayokuja na programu inafahamika duniani kote. Hivyo sharti ibadilishwe mara moja. Vilevile, majaribio hayana budi kufanyika katika kanzidata ya mfano, si katika ile ya kazi. Takwimu ya malaria ikivurugwa katika jaribio, makadirio ya dawa za zahanati yatapotoka, na mgonjwa wa Kisarawe ndiye atakayekuta kabati tupu.

Hivyo basi, mipaka ya mtumiaji na msanidi si suala la kiufundi pekee, bali ni kinga ya huduma yenyewe.