Kazi za Mpiga Enanga Ni Kazi za Mtunzi

Tarehe 25 Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, ikulu ya Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe. Januari iliyofuata Speke alishika njia ya Buganda. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, alibaki hadi Aprili, akapata miezi ya kukaa kitako na kusikiliza. Katika maandishi yao wote wawili wameueleza muziki wa ikulu ile, na chombo cha nyuzi kiitwacho nanga, au enanga, kimo.

Naanzia hapo kwa sababu bado wapo wanaodhani kwamba muziki wa klasiki ni mali ya Vienna na Paris, na kwamba huku Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, tulikuwa na burudani tu. Wataalamu waliojifunza kwa miaka mingi waliipiga enanga mbele ya wafalme, na wasikilizaji wake walijua kutofautisha mpigaji hodari na mbabaishaji. Ukiniuliza, sifa za muziki wa klasiki ndizo hizo.

Chombo chenyewe ni kipande kimoja cha mti, kirefu, kilichochongwa kama karai lenye kina kidogo. Uzi mmoja hupitishwa kwenye pengo la upande huu, ukavutwa hadi upande wa pili, ukarudishwa, mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Zamani uzi ulikuwa mshipa wa ng'ombe. Siku hizi nailoni inatosha. Mpigaji huketi, akadonoa nyuzi kwa mikono yote miwili huku akisimulia na kuimba. Visa vikubwa, kama cha Rukiza, cha Kachwenyanja na cha Mugasha, mungu wa ziwa, vimerithiwa. Lakini namna ya kuvisuka ni ya mpigaji mwenyewe: wapi apandishe sauti, wapi aache nyuzi ziseme peke yake, wapi amsifu mwenyeji, wapi asimame ili waliozunguka kibuyu cha olubisi, pombe ya ndizi, waitikie. Huo ni utunzi. Anayebisha asikilize wapigaji wawili wakisimulia kisa kimoja.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema ni Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1983 alichapisha makala akiuliza kama wapiga nanga wa Tanzania ni wasanii wa tendi, na utafiti wake wa miaka mingi ulijibu kwamba ndiyo. Mwaka 1997 akaandika makala juu ya maisha ya mpigaji mashuhuri wa Kagera, Habibu Selemani, aliyezaliwa mnamo 1929 na kufariki 1993. Makala hiyo inamwita Habibu wa mwisho katika manju wa aina yake, na kila ninapoikumbuka naumia. Mtu mmoja alibeba kichwani kazi ya maisha yote, na usalama wa kazi hiyo ukategemea kama kuna mwenye kinasa sauti aliyemfikia kabla ya kifo.

Sababu za kupungua kwa wapiga enanga zinajulikana. Mwaka 1963 serikali iliondoa mamlaka ya machifu, na pamoja na ikulu ukaondoka ufadhili. Kwaya za makanisa na bendi zikawavuta vijana, nami siwalaumu, maana kijana huenda palipo na shughuli.

Sasa tazama ng'ambo ya Mto Kagera. Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa 1951, alikulia katika muziki wa Buganda, akasoma utunzi hadi shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mwaka 1988 alitunga kazi ya vayolini mbili, viola na chelo, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ambamo vyombo hivyo vya Ulaya vinapokezana na kufungamana kama wapiga amadinda, marimba ya Buganda. Kronos Quartet wa San Francisco waliirekodi katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992, iliyoongoza chati za Marekani za klasiki na za muziki wa dunia kwa wakati mmoja. Kazi hiyo imeandikwa kwa noti. Mpigaji asiyejua Kiganda hata kidogo anaweza kuifungua kesho na kuipiga.

Siamini kwamba Tamusuza alimzidi mpiga enanga kipaji. Alimzidi karatasi, mchapishaji na studio. Vitu hivyo vinaweza kupatikana hapa. Karagwe ina redio za jamii, na simu ya kawaida leo inanasa sauti vizuri.

Ila kazi ya kurekodi ifanywe kwa heshima ya kiutunzi. Mpigaji arekodiwe kwanza akikaza nyuzi, uzi mmoja mmoja, kwa sababu anayekosa mpangilio wa nyuzi hawezi kuirudia kazi. Arekodiwe kisa kilekile zaidi ya mara moja, ili ionekane kilichorithiwa ni kipi na alichokiongeza ni kipi. Mikono ipigwe picha kwa karibu. Jina lake, kijiji chake na aliyemfundisha viandikwe, na malipo yasisahaulike. Na wasikilizaji wasinyamazishwe kwa ajili ya usafi wa sauti, maana mpigaji aliwaachia nafasi yao ndani ya utunzi wenyewe.