Chupa ya Soda Ilinikosesha Oda ya Hoteli

Wauzaji wenzangu, somo hili nimelilipia mwenyewe, nyie lichukueni bure.

Nauza juisi ya ubuyu na rozela hapa Ujiji. Oda napokea WhatsApp, boda anapeleka Mwanga, Gungu mpaka Kibirizi. Hoteli moja ikataka lita 40 kila wiki, kwa sharti moja: niwaletee majibu ya vipimo vya maji ninayotumia. Nikachukua chupa ya soda, nikaisuuza harakaharaka, nikatia maji ya kisima nusu chupa. Ikakaa dirishani siku mbili, ndipo nikaipeleka maabara.

Mtaalamu akaitazama tu. "Mama, chupa hii ilikuwa na nini?" Nikamwambia soda. "Sasa hapa nitapima maji yako, au nitapima soda na jua?" Akanirudisha. Mpaka napata majibu ya sampuli ya pili, hoteli ilishampa mtu mwingine.

Kumbe chombo nacho kinaingia kwenye majibu. Nilichojifunza ni hiki:

1. Mabaki ya sukari ni chakula cha bakteria. Maji yakikaa kwenye joto, wanazaliana, na kisima chako kinaonekana kichafu kuliko kilivyo. Weka sampuli kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6, isizidi 24.

2. Usiache hewa kwenye chupa ya vipimo vya kemikali. Maji ya kisima yakikutana na hewa, gesi ya kabonidayoksaidi inatoka na pH inapanda. Chuma kilichoyeyuka nacho kinageuka kutu na kutuama chini. Maji ya ziwa letu kiasili yana pH inayokaribia 9, lakini namba yoyote ina maana pale tu chombo hakijaichezea.

3. Kopo la bati linaongeza chuma. Kioo huachia sodiamu na silika kidogo kidogo. Risasi hujibandika kwenye kuta za chupa, ndiyo maana sampuli ya madini hutiwa asidi ya naitriki. Hiyo waachie wataalamu.

4. Ukipewa chupa ya maabara yenye unga kidogo ndani, USIISUUZE! Unga huo unaua nguvu ya klorini ya maji ya bomba. Bila huo, klorini inaendelea kuua bakteria njiani na majibu yanakudanganya kwamba maji ni salama.

Kwa hiyo kabla ya kuchota, piga simu maabara, sema unataka kupima nini, wakupe chupa zao. Na ukipewa sharti la vipimo, anza siku hiyohiyo. Bakteria huoteshwa kwanza, majibu yake peke yake yanachukua siku moja hadi mbili, na mteja hasubiri.

Wewe unayeuza juisi, barafu au aiskrimu, maji yako umeyapima lini? Tuambie hapo chini, na mtumie mwenzako anayetaka kuingia hotelini.