Kusanidi kiini cha Linux kwa kompyuta ya zamani: faida, hatari na wajibu wa mmiliki

Tarehe 9 Agosti 2025, mradi wa Debian, unaotengeneza mojawapo ya mifumo endeshi huria inayotumika sana duniani, ulitoa toleo lake la 13. Pamoja na maboresho mengi, toleo hilo lilikuja na uamuzi unaowagusa moja kwa moja wenye kompyuta za zamani: halina tena kiini rasmi wala programu ya usakinishaji kwa kompyuta za biti 32 za aina ya i386. Wenye mashine hizo wameshauriwa wasihamie toleo hilo. Badala yake wasakinishe upya mfumo wa biti 64 pale inapowezekana, au waziondoe mashine hizo katika matumizi.

Ushauri huo una sababu za msingi. Hata hivyo, unaibua swali kwa shule, zahanati au ofisi ndogo yenye kompyuta ambayo bado inawaka, inachapa barua na kutunza kumbukumbu: je, ni lazima itupwe? Jibu linategemea kwa sehemu kubwa jambo ambalo watumiaji wengi hawajawahi kuliona, nalo ni namna kiini cha mfumo endeshi kinavyosanidiwa ili kilingane na maunzi ya mashine husika.

Kiini na kazi yake

Kiini, ambacho wataalamu wengi wa TEHAMA hukiita kerneli, ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na maunzi. Mtumiaji anapohifadhi waraka, programu ya kuandikia haiigusi diski yenyewe. Hukiomba kiini, nacho hutekeleza ombi hilo. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za programu katika kichakataji, na kinachofahamu namna ya kuwasiliana na kila kifaa. Sehemu ya kiini yenye ufahamu wa kifaa fulani huitwa kiendeshi. Pasipo kiendeshi chake, kadi ya mtandao hubaki ndani ya kompyuta bila kazi yoyote, hata ikiwa nzima na mpya.

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, akitumia kompyuta yenye kichakataji cha Intel 386. Tangu mwaka 1992 kinatolewa chini ya leseni ya GPL, inayompa mtu yeyote haki ya kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza. Leo kinaendesha simu za Android, seva nyingi za intaneti, na kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kubwa zaidi duniani. Msimbo wake umezidi mistari milioni 30, na zaidi ya nusu ya mistari hiyo ni viendeshi vya vifaa mbalimbali.

Hakuna kompyuta hata moja yenye vifaa vyote hivyo. Ndiyo maana msimbo huo una chaguo zaidi ya 10,000 za usanidi, na kila kiini kinachotumika mahali popote ni matokeo ya mtu fulani kuamua kipi kiingie na kipi kiachwe. Kwa kawaida uamuzi huo hufanywa na watengenezaji wa mfumo kama Debian, ambao hujumuisha karibu kila kitu ili kiini kimoja kifae mamilioni ya kompyuta tofauti. Watengenezaji hao wanapoacha kuihudumia aina fulani ya mashine, uamuzi hurudi kwa mmiliki.

Kuachwa kwa mashine za zamani si jambo geni. Mwezi Desemba 2012 msimbo wa kukihudumia kichakataji cha 386, kile kile ambacho Linux ilizaliwa juu yake, uliondolewa, na toleo 3.8 lililotoka Februari 2013 likawa la kwanza kutokuwa nacho. Mwezi Januari 2024 toleo 6.7 lilitoka bila msimbo wa vichakataji vya Itanium. Sababu ni moja: msimbo unaobaki unahitaji mtu wa kuutunza na mashine ya kuupimia, na vyote viwili vikikosekana, msimbo huo hugeuka mzigo na mlango wa hitilafu. Kwa upande wa vichakataji vya biti 32 vilivyofuata 386, msimbo wa Linux wa kuvihudumia haukuondolewa pamoja nacho. Kwa hiyo njia ya kujiundia kiini bado ipo kwa anayejua anachokifanya.

Kuijua mashine kwanza

Kazi ya usanidi huanza kwa kuichunguza kompyuta kabla ya kugusa chaguo lolote. Amri ya lscpu huonyesha sifa za kichakataji, lspci huorodhesha vifaa vilivyounganishwa kwenye ubao mkuu, lsusb huorodhesha vile vya USB, na lsmod huonyesha viendeshi vinavyotumika wakati huo.

Uchunguzi huo peke yake unaweza kumaliza tatizo. Vichakataji vya biti 64 vya familia ya x86 vilianza kuuzwa mwaka 2003, lakini kwa miaka mingi baadaye kompyuta nyingi zenye vichakataji hivyo ziliendelea kuwekewa mifumo ya biti 32. Mmiliki anayedhani mashine yake imepitwa na wakati anaweza kugundua kupitia lscpu kwamba inamudu biti 64. Mtu huyo hahitaji kuunda kiini chochote. Anahitaji kuhifadhi nakala ya kazi zake, kisha kusakinisha mfumo wa biti 64.

Mfano mwingine unahusu PAE, mbinu iliyoletwa na kichakataji cha Pentium Pro mwaka 1995 ili kompyuta ya biti 32 iweze kufikia kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4. Kiini kilichoundwa kwa kutegemea PAE hukataa kuwaka kwenye kichakataji kisichojitambulisha kuwa nayo. Baadhi ya vichakataji vya mwanzo vya Pentium M, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2003, vilikuwa na uwezo huo lakini havikuutangaza, hivyo kompyuta zake za mapajani zilikataliwa na mifumo mipya ingawa maunzi hayakuwa na kasoro. Baadaye Linux iliongezewa kigezo cha kuwashia kinachoitwa forcepae, ambacho hukilazimisha kiini kuutumia uwezo huo. Neno moja katika mstari wa kuwashia lilitosha kuirudisha mashine kazini.

Ndiyo, hapana, au moduli

Baada ya uchunguzi hufuata usanidi wenyewe. Kwa chaguo nyingi kuna majibu matatu. Jibu la ndiyo hukiweka kiendeshi ndani ya kiini moja kwa moja. Jibu la hapana hukiacha nje kabisa. Jibu la moduli hukitengeneza kama faili la pembeni ambalo kiini hulichukua pale tu kifaa husika kinapohitajika. Majibu yote huandikwa katika faili moja linaloitwa .config, na faili hilo ndilo kumbukumbu ya kila uamuzi uliofanywa.

Hakuna anayelazimika kujibu maswali yote kwa mkono. Njia iliyo salama ni kuanza na faili la usanidi la kiini ambacho tayari kinafanya kazi kwenye mashine hiyo, kisha kupunguza. Tangu toleo 2.6.32 la mwaka 2009, Linux ina amri ya make localmodconfig, ambayo husoma orodha ya moduli zinazotumika na kuzizima nyingine zote. Kwa kuwa kompyuta ya zamani inaweza kuchukua saa nyingi kuutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, orodha ya lsmod inaweza kuhifadhiwa kwenye faili na kupelekwa kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi, kiini kikaundwa huko na kurejeshwa kikiwa tayari kusakinishwa.

Amri hiyo, pamoja na manufaa yake, ina mtego. Inakijua tu kilichokuwa kikitumika wakati inapoendeshwa. Ikiwa printa haikuwa imechomekwa, au diski mweko haikuwa imefunguliwa siku hiyo, viendeshi vyake vitaachwa nje. Kasoro haitaonekana mara moja. Itajitokeza siku mwalimu atakapokuja na mitihani kwenye diski mweko na kompyuta ikashindwa kuifungua. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuiendesha amri hiyo ni vyema kuunganisha na kutumia kila kifaa ambacho mashine itakihitaji, ikiwemo modemu, skana na projekta.

Kosa linalozuia kompyuta kuwaka

Kosa zito zaidi katika usanidi linahusu diski iliyobeba mfumo wenyewe. Ili kiini kiifungue diski hiyo, kinahitaji kiendeshi cha kidhibiti cha diski na uwezo wa kusoma mpangilio wa mafaili, kwa mfano ext4. Vitu hivyo vikiwa moduli, hutunzwa ndani ya diski ile ile ambayo kiini bado hakijaweza kuifungua. Ni sawa na ufunguo wa nyumba uliofungiwa ndani ya nyumba hiyo.

Mifumo mingi huliepuka tatizo hili kwa kutumia initramfs, kifurushi kidogo kinachopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kiini, kikiwa kimebeba moduli za lazima. Asiyetumia kifurushi hicho hana budi kuviweka viendeshi hivyo ndani ya kiini kwa jibu la ndiyo. Akisahau, kompyuta itasimama mwanzoni kabisa ikiwa na ujumbe kwamba haikuweza kufungua mfumo mkuu wa mafaili, na hakuna programu yoyote itakayofunguka.

Kinga yake ni ya kawaida lakini ni ya lazima. Kiini cha zamani kinachofanya kazi kisifutwe. Kibaki katika orodha ya kuwashia ili mtumiaji akichague endapo kipya kitashindwa. Kiini kipya kipewe jina linalokitofautisha. Nakala za kazi zote zihifadhiwe nje ya kompyuta kabla ya kuanza, na jaribio lisifanyike kwenye mashine pekee inayotegemewa na ofisi.

Faida halisi

Dhana iliyoenea kwamba kiini kilichopunguzwa huiongezea kompyuta kasi kubwa inahitaji kusahihishwa. Moduli isiyotumika haikai kwenye kumbukumbu. Hukaa kwenye diski tu. Kuondoa mamia ya moduli za namna hiyo huokoa nafasi ya diski na hufupisha sana muda wa kuunda kiini, lakini hakuigeuzi mashine ya mwaka 2004 kuwa ya leo. Faida kubwa ni mbili: mashine huweza kuendelea kupata kiini kinachotunzwa pale ambapo hakipo tena kilicho tayari, na msimbo usiokuwepo hauwezi kutumiwa na mshambuliaji.

Upo pia ukomo ambao kiini hakiwezi kuuvuka. Programu za kawaida nazo zinaacha kuhudumia biti 32. Kivinjari cha Chrome kiliacha kutolewa kwa Linux ya biti 32 tangu Machi 2016. Kompyuta inaweza kuwaka vizuri kabisa ikakosa kivinjari kinachopokea marekebisho ya usalama. Mashine ya namna hiyo yaweza kufaa kwa uchapaji, mafunzo ya kompyuta au utunzaji wa orodha bila mtandao, lakini haifai kufanyia miamala ya fedha wala kushikilia taarifa za siri za wananchi.

Wajibu usiokoma

Anayejiundia kiini huchukua pia kazi iliyokuwa ikifanywa na watengenezaji wa mfumo wake. Mwezi Januari 2018 udhaifu uliopewa majina ya Meltdown na Spectre ulitangazwa katika vichakataji vya kampuni kubwa, na Linux ikatoa marekebisho haraka. Waliotumia viini vya kawaida waliyapata kwa kusasisha mifumo yao. Aliyejiundia kiini alipaswa kuzisikia habari hizo, kuchukua msimbo mpya, kuunda upya na kusakinisha. Zipo chaguo za kuzima kinga hizo kwa ajili ya kasi, na mwenye mashine iliyounganishwa kwenye mtandao hatakiwi kuzigusa kwa sababu tu mtu fulani amesifu matokeo yake.

Kazi hiyo hupungua kwa kuchagua matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu, kama 6.12 lililotoka Novemba 2024, na kwa kulihifadhi faili la .config mahali salama. Toleo jipya linapotoka, amri ya make olddefconfig huyachukua majibu ya zamani na kujaza yale mapya kwa chaguo la kawaida. Taasisi ihakikishe pia kwamba maelezo ya usanidi yameandikwa na yanafahamika kwa zaidi ya mtumishi mmoja. Kompyuta ambayo kiini chake kinaeleweka na mtu mmoja tu hubaki bila ulinzi siku mtu huyo anapohamishwa.

Kabla ya kuamua kuitupa au kuihuisha kompyuta ya zamani, mmiliki anashauriwa kujibu maswali matatu: je, kichakataji chake kinamudu biti 64, je, kazi inayokusudiwa inahitaji intaneti, na je, yupo mtu atakayeendelea kukisasisha kiini chake mwaka ujao na unaofuata? Jibu la swali la kwanza likiwa ndiyo, asakinishe mfumo wa kawaida wa biti 64. Likiwa hapana, kujiundia kiini kunaweza kuipa mashine hiyo miaka zaidi ya kazi, mradi jibu la swali la tatu lina jina la mtu anayejulikana.