Mwaka wa 1974: kombe, magita na ahadi bila karatasi

Siku ya posho, tarehe 26 Januari, wakati nchi yote ilikuwa ingali inazungumza juu ya rais mupya aliyeapishwa siku mbili kabla, habari ingine ilipita pole pole: Ndaye Mulamba amefariki kule Afrika ya Kusini, na miaka 70. Hapa Ngungu niliisikia kwa radio, nimekaa kwa mlango wa duka, viatu vingali na matope ya shimo. Vijana wa ekipe yetu walikuwa karibu. Mmoja akaniuliza:

— Papa sendika, huyo ni nani?

Nilisikia haya. Wale vijana wanacheza mupira kila siku ya Mungu, wanajua majina ya wachezaji wa Barcelona na ya wale wa benchi. Lakini mutu wa kwetu aliyeingiza mabao 9 kwa Kombe la Afrika moja tu, hesabu ambayo hakuna mwingine ameifikia mpaka leo, hawamujui. Kosa si lao. Sisi wakubwa hatukuwaeleza.

Kulikuwa pia neno lingine lililonisukuma kuandika. Kisiku ya Noeli ekipe yetu ya wachimbaji ilicheza na wenzao wa Numbi, tukawapiga 2 kwa 1. Mbele ya mechi negosian moja, sitataja jina lake, alisimama katikati ya kiwanja akapaza sauti: mukishinda, nitawapa mbuzi moja na mayo 14 mupya. Watu wakapiga makofi. Siku ine baadaye vijana walienda kwake. Akasema bei ya kilo imeanguka, wangoje. Januari ikafika katikati, bado wanangoja. Kapiteni akaniambia: «Papa, sisi hatutacheza tena. Tunachimba bule, tena tucheze bule?»

Basi jioni ile ya habari ya Ndaye niliwakalisha, nikawaeleza mwaka wa 1974. Mimi mwenyewe nilizaliwa 1975. Lakini ule mwaka ninaujua kama niliuona, juu ya baba mukubwa wangu.

Radio ya baba mukubwa

Baba mukubwa alifanya kazi ya kasiterite kwa kampuni ya Wazungu, upande wa Walikale. Aliporudi kijijini alirudi na vitu viwili: kikohozi na radio. Kikohozi kilimumaliza baadaye. Radio ilikaa. Mapile yakichoka aliyaanika juani kama mihogo, jioni yakapata nguvu kidogo, ya kutosha mechi moja. Watu walitoka mlima hata mlima kuja kusikiliza kwake. Yeye alijua Kifaransa kidogo na Lingala kidogo; alisikiliza kwanza, halafu akatafsiri, na kama bao limeingia alitafsiri kwa kuruka.

Mwaka wa 1974 aliuita «mwaka wangu». Alikuwa mutu wa mupira na mutu wa magita, na mwaka ule vyote viwili vilimujia kwa kisanduku kimoja.

Machi: Cairo

Kombe la Afrika lilichezwa Misri. Kwa nusu fainali Leopards walikutana na Wamisri wenyewe, kwao, Cairo. Wakafungwa mawili. Watu wengi kwa lupango ya baba mukubwa walisimama kwenda zao, ng'ombe zinangoja. Waliobaki ndio waliosikia Zaire inarudisha moja, mbili, tatu. Mechi ikaisha 3 kwa 2.

Fainali ilikuwa na Zambia, jirani yetu wa shaba. Tarehe 12 Machi wakatoka 2 kwa 2. Kwa fainali ile hakukuwa penalti za kumaliza ubishi, basi wakarudi kiwanjani siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote mane ya zile mechi mbili aliyapiga mutu mmoja: Ndaye Mulamba, mutoto wa Luluabourg, leo Kananga, mushambuliaji wa Vita Club. Watu walimuita Mutumbula. Hapa kwetu kila mutoto anajua mutumbula ni nani: ule wa kutishia watoto usiku, anayebeba watu wasirudi. Makipa wa Afrika walilijua lile jina vilevile. Binamu yangu mmoja alizaliwa wiki ile, na mpaka leo kijiji kizima kinamuita Ndaye, ingawa sisi si Waluba.

Waliporudi Kinshasa, Mobutu aliwapokea kama baba anapokea watoto. Kila mmoja akapewa nyumba na gari. Kila mutu alifurahi, na hakuna aliyeuliza: na kesho, nani anajibika?

Juni: Ujerumani

Mwezi wa sita wakaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi, ekipe ya kwanza ya kusini ya Sahara kufika kule. Tarehe 14 walifungwa 2 na Uskoti. Si aibu, walicheza vizuri. Tarehe 18 wakakutana na Yugoslavia. Ikawa 9 kwa 0. Baba mukubwa alisema kwa bao la sita alizima radio ili kulinda mapile. Mukewe alisema ni uongo, alizima juu alikuwa analia.

Kulipita nini? Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe ya Lubumbashi, alieleza miaka mingi baadaye. Mbele ya mechi ile wachezaji walisikia kwamba pesa yao haitafika, wakubwa waliosafiri nao wameila. Wakakataa kutoka kucheza. Wakasukumwa, wakatoka, lakini roho ilikuwa imebaki hotelini. Tena siku ile arbitri alikosea mutu: Mwepu ndiye aliyemupiga teke, lakini kadi nyekundu ikaenda kwa Ndaye. Mufungaji wetu alitoka mechi ingali changa.

Baada ya yale mabao 9, Mwepu anaeleza, walinzi wa rais walikuja hotelini, wakafungia waandishi wa habari nje, wakasema: mukifungwa 4 na Brazil, hakuna atakayerudi nyumbani. Tarehe 22 wakacheza na Brazil. Ikafika 3 kwa 0. Dakika za mwisho Brazil wakapata koufran karibu na gori. Mbele Wabrazil hawajapiga, Mwepu akatoka kwa ukuta mbio na kuupiga mupira mbali. Dunia yote ilicheka, na inacheka mpaka leo: angalia Waafrika, hawajui hata sheria. Mutu aliyekuwa amecheza mupira maisha yake yote, hajui sheria? Mwepu alijua. Alijua pia bao la ine maana yake ni nini. Alifariki 2015, na kila mara alipoulizwa alipaswa kueleza tena kwamba hakuwa mujinga.

Septemba: magita

Halafu ikafika sehemu ambayo baba mukubwa aliipenda zaidi. Mobutu alikuwa amenunua pigano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, na mbele ya pigano kukapangwa siku tatu za muziki kwenye Stade du 20 Mai Kinshasa, ule wanaouita leo Tata Raphaël: tarehe 22 mpaka 24 Septemba. Siku chache kabla, Foreman alipasuka juu ya jicho kwa mazoezi, ngumi ikasogezwa mbele mpaka Oktoba. Muziki haukungoja.

Kutoka Marekani walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers. Alikuja Celia Cruz na Fania All Stars. Miriam Makeba alikuja, yeye ambaye Afrika ya Kusini ya Makaburu ilikuwa imemufungia mlango wa kwao. Sisi tukaweka Franco na OK Jazz, Tabu Ley, Abeti. Baba mukubwa alikuwa mutu wa Franco, hakuna mazungumzo. Juu ya James Brown alisema: «Anaimba kama mutu ameangukiwa na jiwe kwa mukono.» Kwa mutu wa shimo, ile ilikuwa sifa.

Lakini wachimbaji, kuna mmoja kwa ile orodha ninataka mumujue. Bill Withers alizaliwa Slab Fork, kijiji cha makaa ya mawe kule Virginia ya Magharibi. Baba yake alikuwa muchimbaji, akafa mutoto angali na miaka 13. Bill mwenyewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha vyombo vya ndege mbele ya kuwa muimbaji. Na B.B. King alianza kwa mashamba ya pamba Mississippi, anachuma pamba ya wengine. Yale magita yaliyosikika Kinshasa yalitoka kwa watu wa jembe na wa shimo. Mutoto wa muchimbaji alifika kwetu kuimba, na baba mukubwa, muchimbaji, alimusikiliza bila kujua kwamba ni mwenzake.

Oktoba: saa kumi ya usiku

Ngumi zikapigwa tarehe 30 Oktoba, saa kumi ya usiku ya Kinshasa, ili Wamarekani waone kwa wakati wao. Kwetu mashariki ilikuwa saa kumi na moja, kunapambazuka. Ali aliegemea kamba, akaacha Foreman amupige mpaka achoke, na kwa raundi ya nane akamuangusha. «Ali, boma ye!» Mpaka kwetu Masisi watoto waliimba ile, bila kujua Lingala.

Sasa hesabu, kwa sababu mutu wa sendika bila hesabu ni kasuku. Kila mupiganaji aliahidiwa dolari milioni 5. Milioni 10 kwa watu wawili, usiku mumoja, na waliipata juu ilikuwa imeandikwa. Ali hakukubali neno la kinywa. Alikuwa na kontra na wanasheria. Watoto wetu walioleta kombe Machi walikosa prime yao Juni, mwaka ule ule, nchi ile ile, juu hawakuwa na kitu mkononi isipokuwa ahadi. Na pesa ya Zaire ilitoka wapi zaidi? Kwa shaba. Ilitoka kwa wachimbaji. Bei ya shaba ilipanda sana mwanzo wa 1974, halafu ikaanguka mbele mwaka kuisha. Karamu iliisha, deni likabaki.

Kifo cha uongo

Na Ndaye? Mwaka wa 1994 walimuita Tunisia kumupa heshima kwa Kombe la Afrika. Aliporudi, watu wenye bunduki waliingia kwake wakidhani ameleta franga. Wakamupiga risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi kwa mitaa ya masikini kule Cape, akafanya kazi ya kulinda magari ya watu kwa parkingi.

Mwaka wa 1998, kwa Kombe la Afrika kule Burkina Faso, dunia ya mupira ilisimama dakika moja kimya kwa ajili yake. Walisema amekufa kwa ajali ya mugodi wa almasi Angola. Haikuwa kweli, alikuwa muzima. Nilipowaeleza vijana pale walicheka kwanza, halafu wakanyamaza. Sisi tunajua namna mutu anavyopotea kwa mashimo na hakuna anayeandika jina lake. Mufalme wa mabao alichanganywa na sisi, na hakuna aliyeenda kuhakikisha.

Karatasi ya Ngungu

Wachimbaji wa makaa ya mawe kule Wales, inchi ndogo ya milima upande wa Uingereza, walikuwa watu wa mupira na wa nyimbo kama sisi. Walikubali kukatwa kidogo kidogo kwa mshahara, wakajenga nyumba zao za mikutano na vitabu ndani. Kwa mji wa Tredegar walilipa hivyo munganga wao na dawa. Aneurin Bevan, aliyeingia shimoni kule na miaka 13, alikuwa waziri, na 1948 akaanzisha matibabu ya bure kwa Uingereza yote. Hawakungoja mutu asimame katikati ya kiwanja kupaza sauti.

Basi sisi tulifanya kidogo kulingana na nguvu yetu. Tuliandika karatasi moja, mistari sita: nani ameahidi, nini, kwa nani, tarehe gani ya mwisho, nani shahidi, nini kinafuata asipotimiza. Tulienda kwa yule negosian watu wane tu, bila makelele, na kapiteni akaisoma. Negosian aliguna, akasema: «Munanifanya sasa kama mwizi?» Nikamujibu: «Hapana, muzee. Karatasi inakulinda na wewe. Kesho hakuna atakayesema uliahidi ng'ombe.» Akacheka, akasaini.

Mayo 14 zilifika wiki iliyopita, za kijani. Mbuzi bado, tarehe ya mwisho iliyoandikwa ni 28 Februari. Karatasi iko kwangu, na nakala iko kwa kapiteni. Vijana pia wamekubali kutoa franga 500 kila mmoja siku ya mechi, iwekwe kwa daftari, kwa ajili ya atakayevunjika mguu kiwanjani ao shimoni.

Mechi ya marudio na Numbi ni siku ya Mungu inayokuja, saa tisa. Namba 10 amesema mgongoni ataandika Mutumbula kwa makala. Tutasimama dakika moja kimya, na mara hii ni kweli.