Gemu la Mbu, kutoka Korogwe hadi Lushoto

Kati ya Desemba 2017 na Machi 2019, vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, vikiwamo vya Handeni na Korogwe, vilikuwa uwanja wa jaribio kubwa. Watoto karibu 3,000, wengi wao wasiowahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vyenye michezo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Chaji ilitoka kwenye umeme wa jua; mwalimu hakuwepo. Hayo yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyoshirikisha UNESCO, WFP na Serikali ya Tanzania. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja. Miezi 15 baadaye idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu, na Mei 2019 washindani wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana zawadi ya dola milioni 10.

Watoto wale wamekwishafikia umri wa sekondari, wengine wameupita. Je, gemu lingewafaa kwenye bayolojia?

Lingewafaa, lakini si gemu la aina ile. Herufi hukaa kichwani kwa kurudiwarudiwa. Gemu nyingi za sayansi nazo hufuata njia hiyohiyo: swali, majibu manne, nyota ikimeta ukipatia. Huo ni mtihani uliovishwa kanzu ya sikukuu. Bayolojia ni mambo yanayotokea mahali pasipoonekana, kwa siku nyingi, moja likilitegemea jingine.

Chukua malaria. Korogwe inaijua kwa undani: kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilichopo pale kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S. Darasani mwanafunzi huchora mzunguko wa kimelea: mbu, ini, damu, kisha mbu tena. Anaikariri mishale, anapata alama zake. Kinachopotea kwenye mchoro ni muda, na huo gemu linaweza kuuonyesha.

Mbu jike akinyonya damu yenye vimelea, haambukizi papo hapo. Lazima vikomae kwanza mwilini mwake. Kwenye nyuzijoto 25 huchukua siku kama 12. Kwenye nyuzi 20, siku kama 28. Na mbu hana maisha marefu. Tuchukulie kwamba kila siku mmoja kati ya kila 10 hufa. Tukianza na mbu 100 kwenye nyuzi 25, vimelea vitakapokomaa watakuwa hai 28 hivi. Kwenye nyuzi 20 watabaki 5 tu. Mwanafunzi anayesogeza kipimo cha joto cha gemu kwa kidole na kuona karibu kundi zima likiisha kabla halijaweza kuambukiza yeyote, amepata sababu kubwa ya malaria kuwa nyingi kwenye tambarare ya Korogwe kuliko juu milimani Lushoto. Kisha apandishe joto la milimani hadi nyuzi 22 tu. Wale 5 wanakuwa 14. Hapo hahitaji hotuba ya mabadiliko ya tabianchi.

Kikwazo kinajulikana: mwanafunzi akikutwa na simu shuleni, ananyang'anywa. Lakini vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, na kimoja chaweza kuzungukwa na kundi la wanafunzi wakabishana wasogeze kipimo wapi. Ubishi huo, kwa maoni yangu, una faida kuliko kila mtoto kuinamia kioo chake peke yake. Tena programu za washindani watano waliofika fainali ya XPRIZE ziliachwa wazi; yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzirekebisha.

Baada ya hapo kishikwambi kizimwe, darasa liende na kopo jeupe kwenye dimbwi la karibu. Viluwiluwi vya Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vya Kuleksi, mbu wa jamii nyingine, huning'inia kichwa chini. Wahesabu vya kila aina, waandike daftarini, na wiki inayofuata wahesabu tena.